Vizibo, maharage na ruwaza zinazojirudia: mwongozo kamili wa osileta za Mchezo wa Uhai

Ukikaa ufukweni hapa Mwanza usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Siku za mbalamwezi huzioni. Wavuvi wamepumzika, maana dagaa hawaifuati taa mwezi unapowaka. Giza likirudi, nazo zinarudi. Aliyewahi kuhesabu siku kutoka giza moja hadi jingine ameshalijua neno kuu la somo letu: kipindi.

Somo lenyewe ni osileta, yaani ruwaza inayobadilika hatua kwa hatua kisha ikarudi ilivyokuwa, palepale ilipoanzia, na kuendelea hivyo milele. Zinapatikana kwenye otomata za seli, yaani ubao wa vyumba vinavyobadilika hatua kwa hatua kwa kufuata kanuni, na mashuhuri kuliko zote ni Mchezo wa Uhai alioubuni mwanahisabati John Conway wa Cambridge, Uingereza. Dunia iliufahamu Oktoba 1970, Martin Gardner alipouandika katika safu yake ya jarida la Scientific American. Unaitwa mchezo ila hauna mshindani. Unapanga hali ya mwanzo, kisha kanuni zinafanya kazi zenyewe nawe unatazama.

Watu wengi hukimbilia kompyuta moja kwa moja. Mimi nashauri uanze kwa mkono. Conway na wenzake nao walianza hivyo, kwa kete za mchezo wa Go, na sisi huku vizibo vya soda havijawahi kutuishia. Tena umeme ukikatika hupotezi kitu.

Kanuni

Chukua ubao wa vyumba vya mraba. Kila chumba ni seli, na seli ama iko hai ama imekufa. Ina majirani wanane: wanne wa kugusana ubavu na wanne wa kugusana pembe. Wale wa pembeni usiwasahau, ndio wanaowaangusha wanaoanza.

Seli hai yenye majirani hai wawili au watatu inaendelea kuishi. Yenye mmoja au asiye na yeyote inakufa kwa upweke, na yenye wanne au zaidi inakufa kwa msongamano. Chumba kitupu chenye majirani hai watatu kamili kinazaa seli mpya. Basi. Wajuzi huandika kanuni hii kwa kifupi B3/S23 (B ni kuzaliwa, S ni kuendelea kuishi), nawe utakutana na maandishi hayo ukifika kwenye programu.

Ubao wote ukishahesabiwa na kubadilishwa mara moja, hicho ni kizazi kimoja.

Vifaa

Kata kadibodi upande wa sentimita 44, uchore vyumba 11 kwa 11 vya sentimita nne nne. Kizibo cha soda kinaingia hapo na kubakiza nafasi ya vidole. Vizibo 30 vinatosha kwa ruwaza ndogo. Kwa muuza duka wa mtaani utavipata bure, ila vioshe, la sivyo ubao utavamiwa na sisimizi. Tafuta na maharage kama 20. Kwa ruwaza kubwa tutahamia kwenye daftari la vijisanduku na penseli.

Kuhesabu bila kujidanganya

Hapa ndipo kazi ilipo, na anayeharibu kwa kawaida anaharibia hapa. Mabadiliko yote ya kizazi kimoja hutokea kwa mpigo. Ukimwondoa marehemu kabla hujamaliza kuwahesabu wengine, jirani yake atahesabiwa kwa hali ya uongo, na kuanzia hapo unacheza mchezo wako mwenyewe, si wa Conway.

Njia ninayoitumia ni hii. Kizibo kilicho hai kinalala chali, shimo likitazama juu. Pita kila seli hai uhesabu majirani zake. Inayopaswa kufa, itie harage moja ndani ya shimo. Usiiondoe. Bado inahesabika kuwa hai hadi zamu iishe. Kisha pita kila chumba kitupu kinachogusana na seli hai. Chenye majirani watatu kamili kiwekee kizibo kifudifudi. Huyo ni mtoto mchanga na hahesabiki kwa mtu yeyote kwanza. Ukimaliza ubao mzima, ondoa vyote vyenye maharage, wageuze wachanga wote walale chali, uandike kando: kizazi namba fulani, seli hai kadhaa.

Mpwa wangu wa darasa la sita aliniuliza, "Mjomba, sasa huyu mwenye harage amekufa au hajafa?" Nikamjibu kwamba amehukumiwa ila bado yuko ukumbini. Tangu siku hiyo hajakosea hesabu, kunishinda mimi.

Osileta ya kwanza: blinka

Zipe wima za ubao herufi A hadi K, na milalo namba 1 hadi 11. Weka vizibo vitatu kwa mlalo: E6, F6 na G6.

Hesabu. E6 ana jirani mmoja tu, F6: tia harage. G6 vilevile. F6 ana wawili, anabaki. Sasa vyumba vitupu. F5 anagusana na E6, F6 na G6, watatu kamili: weka mchanga. F7 chini yake vivyo hivyo. E5 anagusana na E6 na F6 tu, wawili, hakuna kitu. Ondoa, geuza. Sasa una mstari wa wima F5, F6, F7. Rudia zamu moja na mlalo wako wa mwanzo umerudi.

Kipindi chake ni 2. Mpwa wangu anaiita indiketa, na kwa kweli ukiitazama kwenye skrini ni indiketa ya bodaboda iliyosahauliwa kuzimwa. Angalia kitu kimoja zaidi: F6 haikuzimika hata mara moja. Sehemu isiyobadilika ya osileta huitwa stata, na ile inayowaka na kuzimika huitwa rota. Blinka ina stata ya seli moja na rota ya seli nne.

Mstari wa seli tano, jaribio ninalolipenda

Futa ubao. Weka vizibo vitano kwa mlalo katikati: D6 hadi H6. Endesha vizazi saba ukiandika idadi ya seli hai kila mara. Ukihesabu sawasawa utapata: 5, 9, 8, 12, 12, 20, 12, 12. Ukipata namba tofauti rudi nyuma, kuna jirani wa pembeni umemruka.

Kizazi cha kwanza ni mraba uliojaa wa tatu kwa tatu. Cha pili umetoboka ukawa pete. Cha tatu pete imenenepa, cha nne imekatika vipande vinne, na cha tano ni fujo ya seli 20 ambayo utaapa umekosea. Halafu kizazi cha sita panatulia ghafla: blinka nne, moja juu, moja chini, moja kila ubavu, zote zikipepesa pamoja. Jina lake ni taa za barabarani.

Sasa rudi kwenye orodha yako ya namba. Kizazi cha 3 na cha 4 vyote vina seli 12, lakini sura zao hazifanani hata kidogo. Cha 6 na cha 7 navyo vina 12, ila cha 6 blinka ya juu imelala na cha 7 imesimama. Idadi ileile si sura ileile. Anayetafuta kipindi kwa kuangalia idadi peke yake atatangaza marudio yasiyokuwapo. Idadi itumie kama kengele: ikifanana na ya nyuma, ndipo ulinganishe chumba kwa chumba.

Kwa hiyo kabla hujavuruga kizazi chochote, kinakili kwenye daftari au kipige picha kwa simu. Bila nakala huna cha kulinganishia.

Chura na bikoni, kwa haraka

Chura ni mistari miwili ya seli tatu iliyopishana kwa chumba kimoja:

```
.OOO
OOO.
```

Kizazi kinachofuata anapanuka:

```
..O.
O..O
O..O
.O..
```

kisha anajikunja tena. Kipindi 2, na seli ni sita katika sura zote mbili.

Bikoni ni matofali mawili ya seli nne nne yaliyogusana kwa pembe. Zile seli mbili zilizogusana zina majirani wanne kila moja, zinakufa kwa msongamano. Zikishakufa, kila pengo linabaki na majirani watatu, zinazaliwa upya. Nane, sita, nane, sita. Tofali likiwa peke yake halitikisiki milele. Mawili yakiwekwa jirani kwa namna hii, yanakosa utulivu. Ukitaka kubuni osileta zako, anzia hapo: chukua vitu vilivyotulia, visogeze karibu, uone kama vinaanza kugombana.

Palsa: hamia kwenye daftari

Palsa ina kipindi cha 3, na ndiyo osileta ya kwanza itakayokutoa jasho. Inachorwa ndani ya mraba wa 13 kwa 13. Katika milalo ya 1, 6, 8 na 13, jaza wima za 3, 4, 5 na 9, 10, 11. Katika milalo ya 3, 4, 5, 9, 10 na 11, jaza wima za 1, 6, 8 na 13. Hesabu: ziwe seli 48.

Usichore mraba wa 13 peke yake. Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyo, nikapoteza jioni nzima barazani nikijiuliza kwa nini palsa yangu inaoza kingoni. Sababu ni kwamba katika kizazi kinachofuata inatoka nje kwa chumba kimoja kila upande, inakuwa 15 kwa 15. Acha nafasi ya vyumba viwili pande zote, yaani 17 kwa 17, ili uone na vyumba vitupu vya nje unavyopaswa kuvihesabu.

Idadi yake ni 48, 56, 72, kisha 48 tena. Habari njema ni kwamba umbo lina ulinganifu: robo nne zinazofanana kama kwenye kanga iliyokunjwa mara mbili. Hesabu robo moja tu, kwa kuangalia na majirani wanaovuka mpaka wa katikati, kisha nakili kwenye tatu zilizobaki. Robo yako iende 12, 14, 18, 12. Kizazi kimoja kwenye karatasi kimoja, usifutefute, maana ufutio ukishachafua vijisanduku hutajua kilichokufa na ambacho hakijazaliwa.

Mstari wa seli kumi

Mwaka 1970 Conway alikuwa akifuatilia mistari ya urefu mbalimbali, na alipofika kumi akakuta kitu cha kipindi 15. Kinaitwa pentadekathloni. Kwa ukubwa wake wote kinafika vyumba 16 kwa 9, kwa hiyo andaa 20 kwa 13 na uweke mstari katikati.

Kuna mtego ambao wengi hawaambiwi. Mstari wenyewe wa seli kumi haurudi. Kizazi cha 1 ni mstatili uliojaa wa 3 kwa 8, seli 24, nao haurudi. Kizazi cha 2 ni pete ndefu ya seli 18, na hiyo ndiyo sura ya kwanza iliyo ndani ya mzunguko. Kwa hiyo weka alama kizazi cha 2, uisubiri kizazi cha 17. Ukikaa unausubiri mstari wa kumi kama abiria anayesubiri meli iliyokwisha ondoka, utahitimisha kwamba mchezo umevurugika.

Vipi sura mbili tofauti zikaingia kwenye mzunguko uleule? Ndani ya mzunguko, kabla ya ile pete, kuna mstatili wa 3 kwa 8 wenye matundu mawili kwenye mlalo wa kati, tundu moja chumba cha pili kutoka kila mwisho. Jaribu kwa mkono: mstatili uliojaa na ule wenye matundu huzaa pete moja. Kanuni za mchezo zinakwenda mbele tu. Ukiiona pete huwezi kusema ilitoka wapi.

Lini useme imerudi?

Jiulize maswali mawili.

La kwanza: imerudi palepale? Kuna ruwaza ya seli tano iitwayo glaida ambayo kila baada ya vizazi vinne ina umbo lilelile, ila imesogea chumba kimoja kwa mshazari. Ni kama kisiwa cha gugumaji ziwani: asubuhi unakiona hapa, jioni ni kilekile lakini upepo umekipeleka kwingine. Hiyo si osileta. Osileta lazima irudi chumba kwa chumba.

La pili: kipindi ni chake kweli, au ni cha kuunganisha? Weka blinka hapa na palsa kule mbali. Ubao mzima utarudi kila baada ya vizazi 6, maana 6 ndicho kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3. Mtu atajigamba amepata osileta ya kipindi 6. Hajapata kitu, kaweka vitu viwili visivyojuana kwenye meza moja. Kipimo ni rahisi: chagua seli moja moja, andika 1 ikiwa hai na 0 ikiwa imekufa kwa mzunguko mzima. Lazima ipatikane angalau seli moja ambayo yenyewe inahitaji vizazi vyote sita ndipo ijirudie. Kwenye mchanganyiko wetu kila seli ama ina kipindi cha 2 ama 3, ama haibadiliki kabisa. Hakuna hata moja ya 6.

Sasa washa kompyuta

Ukishachoka kwa heri, andika programu hii fupi ya Python. Haina ubao wala kingo. Inatunza orodha ya seli hai tu, kwa hiyo kosa langu la palsa haliwezi kutokea.

```
from collections import Counter

def kizazi_kijacho(hai):
    majirani = Counter(
        (x + a, y + b)
        for x, y in hai
        for a in (-1, 0, 1)
        for b in (-1, 0, 1)
        if (a, b) != (0, 0))
    return frozenset(
        s for s, n in majirani.items()
        if n == 3 or (n == 2 and s in hai))

hai = frozenset((x, 0) for x in range(10))
zilizopita = {}
k = 0
while hai not in zilizopita and k < 5000:
    zilizopita[hai] = k
    hai = kizazi_kijacho(hai)
    k += 1

if hai in zilizopita:
    print("Mzunguko umeanza kizazi cha", zilizopita[hai])
    print("Kipindi ni", k - zilizopita[hai])
else:
    print("Haijarudi")
```

Kwa mstari wa kumi itakujibu 2 na 15, sawa na daftari lako. Badilisha 10 iwe 5, itakujibu 6 na 2. Kikomo cha 5000 kipo kwa ajili ya glaida na ndugu zake, ambazo hazirudi palepale na zingeifanya programu izunguke bila mwisho. Ikijibu kwamba kipindi ni 1, ruwaza imetulia tuli, au imekufa yote. Ubao mtupu nao unajirudia kila kizazi.

Programu hii inalinganisha ubao mzima, kwa hiyo ukiipa blinka na palsa pamoja itasema 6 bila aibu. Lile swali la pili bado ni juu yako.

Ukitaka kutazama kwa macho, pakua Golly, ni programu ya bure. Inapokea ruwaza kwa maandishi mafupi; mstari wa kumi ni hivi:

```
x = 10, y = 1, rule = B3/S23
10o!
```

Nakili, bandika, endesha.

Vipindi vyote vimepatikana?

Kwa miaka zaidi ya 50 watu walikuwa wakiuliza kama kila namba nzima ina osileta ya kipindi hicho. Mwaka 1996 David Buckingham alionyesha namna ya kuzungusha viashiria, yaani vikundi vya seli vinavyosafiri, kwenye njia ndefu za kupinda, na kila kipindi kuanzia 61 kikawezekana: ukiirefusha njia, kipindi nacho kinarefuka. Mwaka 2013 Mike Playle akapata kifaa kidogo kinachopindisha glaida kwa pembe mraba, kinaitwa snaki, na vipindi vyote kuanzia 43 vikapatikana. Vidogo ndivyo vilivyosumbua, maana njia inakuwa fupi mno na glaida zinagongana. Mwishoni zikabaki 19 na 41. Zote mbili zilipatikana mwaka 2023, na suala likafungwa: hakuna kipindi kisicho na osileta.

Kwako wewe kazi haijaisha. Rudi kwenye mistari, kuanzia seli moja kwenda juu. Wa moja na wa mbili inakufa papo hapo. Wa tatu ni blinka. Wa nne unatulia kizazi cha pili ukiwa mzinga wa nyuki, seli sita zisizotikisika. Wa tano umeuona. Wa saba unakupa mizinga minne, wa nane mizinga minne na matofali manne, wa tisa taa za barabarani seti mbili. Wa sita unachanua vizuri kama hao wengine, kisha unakufa wote, hakibaki hata kizibo kimoja. Nilipouona mara ya kwanza niliurudia mara tatu nikidhani nimekosea hesabu. Sikuwa nimekosea.